Wakazi Wadogo wa Mtoni na Taka Zitupwazo Majini

Katika somo hili twataka kuwaeleza wasomaji wetu, wazee wa vijiji, waalimu na kila ajuaye kusoma, habari za viumbe ambao wengi wetu hatujapata kuwatazama hata mara moja, ingawa twawakanyaga kila siku tunapovuka mto. Wengine si wakubwa kuliko punje ya ulezi. Wengine ni kama ukucha. Hawauzwi sokoni, wala hawana sauti ya kulia wapatapo taabu. Lakini mto ukidhurika, wao ndio wa kwanza kufa. Na mtu ajuaye kuwatambua aweza kujua hali ya maji, na mara nyingi hata mahali yalipoharibikia, bila kuwa na mashine yoyote.

Jambo lililotusukuma kuandika ni hili. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukiandika maneno ya baraza la vijiji viwili vya nchi ya Mufindi. Vijiji hivyo hunywa maji ya kijito kimoja, kimoja kikiwa juu na cha pili chini. Kiangazi kile maji ya kijiji cha chini yalianza kunuka katika kidimbwi wanakoteka, na mawe yake yakavaa utando wa kijivu kama sufi ya kondoo. Watu wa chini wakalalamika: "Ni wanawake wa kijiji cha juu wafuao nguo kivukoni. Sabuni yao ndiyo ituleteayo uvundo." Neno hilo lilionekana kuwa kweli, maana kivuko ki juu ya kidimbwi kwa hatua chache tu, na povu kila mtu aliliona kwa macho yake. Baraza likaamua wanawake wale watozwe faini. Nasi kwa kalamu yetu tukaandika kwamba wao ndio wakosaji.

Ndipo mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliposimama, akasema, "Shikamooni, wazee wangu. Kabla wino haujakauka naomba tupande kijito pamoja, tukapindue mawe." Wazee wengine walicheka, wakisema mawe hayatoi ushahidi. Lakini mwenyekiti akakubali, tukaenda.

Kabla hatujaeleza yaliyoonekana, yafaa kwanza tuwafahamu wakazi wenyewe, na namna taka ziwadhuruvyo.

WAKAAO CHINI YA MAWE

Mtu akipindua jiwe katika maji ya baridi yaendayo mbio, akalitazama upande wa chini, mwanzo haoni kitu. Akingoja kidogo ataona vitu vyaanza kutambaa.

Wa kwanza ni mdudu mwenye mikia kama nyuzi, mara nyingi mitatu. Mwili wake aghalabu ni bapa, ili maji yasimchukue. Ubavuni ana matamvua madogo kama manyoya, ambayo kwayo huvuta pumzi kama samaki. Hukaa majini majuma mengi au miezi, kisha hupanda juu, huvua ngozi, huota mabawa na kuruka. Hutaga mayai yake mtoni, na wengi wao hufa kabla ya siku ya pili au ya tatu kwisha.

Wa pili amefanana naye, lakini mikia yake ni miwili tu, na miguu yake ina nguvu. Huyu huwinda wenzake. Hupenda maji ya mbio yenye pumzi nyingi, na uchafu haumpatani kabisa.

Wa tatu ni fundi. Huunganisha chembe za mchanga, au vipande vya majani na vijiti, kwa uzi utokao kinywani mwake kama hariri, akajifanyia nyumba ndogo anayotembea nayo. Wako na jamaa zake wasiojenga nyumba, bali hutega wavu mdogo kati ya mawe, wakingoja maji yawaletee chakula.

Pamoja nao wako watoto wa kereng'ende, konokono, na kaa wa mtoni. Hatusemi kwamba kila akaaye majini ni rafiki yetu. Mabuu ya usubi hushikamana na mawe na majani penye maporomoko. Wakishaota mabawa, aina zao nyingine huambukiza ugonjwa unaopofusha macho, na konokono wa aina fulani hubeba kichocho. Lakini wengi zaidi hawatudhuru kwa neno lolote.

Kuna na jamii nyingine, wakaao katika tope lenye kuoza. Mmoja ni buu jekundu, jembamba kama uzi. Wekundu wake ni wa damu. Damu hiyo ina kitu kile kile kifanyacho damu yetu kuwa nyekundu, nacho huweza kunasa pumzi hata ikiwa chache sana. Wengine ni minyoo myembamba ya matope, ambayo huchomeka vichwa chini na kutikisa mikia juu. Tena yuko buu mwenye mkia mrefu kama wa panya. Mkia huo ni bomba, naye huutoa juu ya maji ili avute hewa, kama mtu aliyejificha majini akipumua kwa tete. Hao huonekana wachache wachache hata katika maji mazuri, lakini wakiwa wengi mno na wale wa kwanza wametoweka, hapo pana jambo.

KAZI YAO

Huenda msomaji akauliza, "Wadudu hao wakifa, mimi napungukiwa na nini?" Twamjibu hivi. Majani yaangukayo mtoni hutafunwa na kaa na wadudu, na mabaki yao huliwa na wengine walio wadogo zaidi. Utelezi wa kijani juu ya mawe hukwanguliwa na wale wenye mikia mitatu, na vumbi la chakula lielealo hunaswa na wenye nyavu. Kisha wote hao huliwa na samaki, vyura na ndege. Kwa hiyo samaki aliye chunguni ni wadudu wa mtoni waliogeuka kuwa nyama. Wadudu wakiisha, mvuvi wa mbali atarudi na nyavu tupu wala hatajua sababu yake.

PUMZI YA MAJI

Karibu kila mnyama huhitaji hewa iitwayo oksijeni. Lita moja ya hewa ya pwani ina oksijeni ya kadiri ya miligramu 280. Lakini lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 20 huweza kuchukua miligramu 9 tu. Na katika milima yetu, ambako hewa ni nyepesi, huchukua kama 7. Hivyo mkazi wa majini huishi kwa akiba ndogo sana. Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Basi yafaa tukumbuke pia kwamba tone la uchafu tusilolijali sisi ni gharika kwa mdudu.

Sasa taka ziingiapo majini hudhuru kwa njia nne.

Ya kwanza ni kumaliza pumzi. Kitu chochote kiozacho, kama kinyesi, damu ya machinjioni, pumba, unga wa mbao au maganda ya kahawa, huliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo navyo huvuta oksijeni katika kuozesha. Vikiongezeka mno, huvuta kupita kiasi kile ambacho hewa huweza kurudisha majini, na wenye matamvua hukosa pumzi. Utando wa kijivu kama sufi, tuliousema juu, ni makundi ya vijidudu vya namna hiyo.

Hapa pana jambo linalowapoteza wengi. Kuoza huhitaji muda, na muda huo maji yanaendelea kwenda. Kwa hiyo mara nyingi maji hayanuki pale taka zilipotupwa. Hunuka mbele, pengine mwendo wa saa nyingi au wa siku kwa mto mpole. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Marekani, Streeter na Phelps, walieleza jambo hili kwa hesabu baada ya kuuchunguza mto Ohio: pumzi hushuka kidogo kidogo baada ya taka kuingia, hufika chini kabisa mbali na mahali penye kosa, kisha hupanda tena maji yanapopata hewa mpya. Yeyote aamuaye shauri la maji kwa kufuata pua yake tu aweza kumshika asiye na hatia.

Njia ya pili ni kufunika. Nyuzi, unga wa mbao, na udongo utokao katika mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, huzama na kujaza nafasi zilizo kati ya mawe. Nafasi hizo ndizo nyumba za wadudu. Tena maji yakiwa meusi au ya tope, nuru ya jua haifiki chini, na utelezi wa kijani ulio chakula chao haukui.

Njia ya tatu ni sumu. Mkulima wa nyanya katika kinyungu huosha bomba lake la dawa mtoni. Dawa ile imetengenezwa kuua wadudu. Haibagui aliye juu ya jani na aliye chini ya jiwe. Pareto, ambayo wakulima wa Mufindi waijua tangu zamani, haimdhuru sana mtu, lakini huua wadudu wa majini na samaki hata ikiwa kidogo mno. Na dawa nyingi za siku hizi zimetungwa kwa kuiga nguvu yake. Kadhalika wako watu wapondao utupa na kuutia majini ili walevye samaki. Utupa huzuia mwili kuitumia pumzi. Mvuvi huokota samaki kumi wakubwa, nao watoto wa samaki na wadudu wasiohesabika hufa pamoja nao. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu.

Njia ya nne ni kurutubisha kupita kiasi. Mbolea na sabuni huotesha mimea ya majini kwa wingi. Mimea hiyo ikifa huoza, nasi twarudi katika ile njia ya kwanza.

MGOLOLO NA KIWANDA CHA KARATASI

Tumechagua Mgololo kuwa mfano kwa sababu katika nchi hiyo kazi nyingi hutegemea maji yale yale. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ulioanza kwa majaribio mwaka 1939, hutoa misindano, ambayo wengi huiita paini, na mikaratusi. Pana mashamba ya chai, viwanda vya kupasua mbao, vinyungu, na mifugo. Tena pana kiwanda kikubwa cha karatasi karibu na mto Kigogo Ruaha. Kilianza kazi mwaka 1985 kwa jina la Southern Paper Mills, kikasimama kwa muda, kikauzwa mwaka 2004, na sasa huitwa Mufindi Paper Mills. Maji ya upande huo huteremka katika bonde la Kilombero, na mwisho huingia mto Rufiji.

Yafaa watu wajue jinsi karatasi ngumu, kama ile ya mifuko ya saruji, ifanywavyo. Mti ni nyuzi zilizoshikamanishwa na kitu kama gundi, kiitwacho lignini. Kwa mti wa paini gundi hiyo ni kama robo ya uzito wake au zaidi. Vipande vya mti hupikwa katika vyungu vikubwa vya chuma pamoja na dawa kali zenye magadi na salfa, mpaka gundi iyeyuke na nyuzi ziachane. Maji meusi yatokayo humo hayapasi kumwagwa. Hukaushwa hadi yawe mazito, kisha huchomwa katika tanuri. Moto wake huendesha mitambo, na dawa hurudishwa zikatumika tena. Lakini maji ya kuoshea nyuzi hubaki, nayo huwa na rangi, vipande vya nyuzi, na utomvu wa paini, ambao ni sumu kwa samaki na wadudu. Kwa hiyo kiwanda cha namna hii, po pote duniani, hupaswa kutuliza maji hayo ili nyuzi zizame, kisha kuyatia hewa katika mabwawa, ili vijidudu viyaozeshe humo bwawani wala si mtoni.

Maji ya namna hii hupimwa njaa yake ya pumzi. Hutiwa katika chupa isiyopitisha hewa, huwekwa gizani siku 5 katika joto la nyuzi 20, kisha huangaliwa yamekula oksijeni kiasi gani. Kanuni za Tanzania hukubali miligramu 30 kwa kila lita, si zaidi. Sasa msomaji alinganishe: lita ya maji ya mto wa milimani ina oksijeni miligramu 7, na lita ya majitaka yaliyoruhusiwa huweza kudai 30. Deni ni zaidi ya mara nne ya akiba! Basi hata majitaka yaliyosafishwa vizuri yahitaji mto mkubwa wa kuyachanganya. Wakati wa masika mto huweza kulilipa deni hilo. Lakini miezi ya kiangazi, mto ukiwa mwembamba, kiasi kile kile cha taka huweza kuua. Ndiyo sababu atazamaye maji masika tu hajayatazama.

JINSI YA KUSOMA MAWE

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1909 Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, walichapisha orodha ya wanyama wadogo wa majini, wakionyesha ni nani akaaye katika maji safi na nani katika machafu. Afrika Kusini walitengeneza kipimo chao wenyewe. Hapa kwetu, mwaka 2015, Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake walitoa kipimo kiitwacho TARISS, kwa ajili ya mito ya Tanzania. Kila jamaa ya wadudu hupewa alama tangu 1 mpaka 15. Wavumilivu wa uchafu, kama minyoo ya matope, hupewa alama ndogo; wasiouvumilia, kama yule mwenye mikia miwili, hupewa kubwa. Alama hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya jamaa walioonekana. Jibu likiwa kubwa, mto una afya.

Kipimo kamili ni kazi ya waliofundishwa. Lakini shule ya kijiji yaweza kufanya sehemu yake kwa kipande cha chandarua kikuukuu, beseni jeupe na daftari. Chagueni mahali pawili penye mawe na mwendo wa maji unaofanana, pamoja juu ya mahali mnapopashuku, na pengine chini yake. Mmoja ashike chandarua wima majini, mwingine asugue mawe mbele yake kwa muda wa dakika 2. Mimineni yaliyonaswa katika beseni lenye maji kidogo, mhesabu aina, si wingi tu. Andikeni tarehe na hali ya mvua. Kisha rudisheni wadudu majini na mawe mahali pake. Msiende mto ukiwa umefurika, wala msiingie katika maji yaliyosimama penye kichocho. Na kila mtoto anawe mikono kwa sabuni mbali na mto.

Twaonya jambo moja kwa nguvu. Wadudu wa maji safi hawathibitishi kwamba maji hayo yafaa kunywewa. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huweza kuwamo wala mdudu asidhurike. Maji ya kunywa yachemshwe daima.

YALIYOONEKANA KATIKA KIJITO

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Tulianza kidimbwini. Chini ya mawe hapakuwa na kitu ila mabuu mekundu na minyoo. Tukapanda mpaka kivukoni penye povu: mambo yalikuwa yale yale. Watu wa chini wakasema, "Mmeona?" Mwalimu akasema, "Twendeni juu ya kivuko." Tukapanda hatua hamsini, ambako hakuna mtu afuaye nguo. Mabuu mekundu. Tukapanda tena hatua mia mbili. Mabuu mekundu, na utando wa kijivu. Hapo kicheko kilikuwa kimekwisha, maana kila mtu alifahamu: sabuni haipandi mlima.

Tulikwenda karibu saa nzima, mwalimu akipindua mawe, wazee wakisogea kutazama, hata wale waliocheka. Mwisho tulifika penye kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Lundo la unga wa mbao, refu kuliko nyumba, lilikuwa limemwagwa ukingoni, na chini yake maji meusi kama chai ya mkandaa yakichuruzika mtoni. Pale pale mawe hayakunuka, ndiyo maana hakuna aliyepashuku. Tukapita juu ya lundo, mwalimu akapindua jiwe, akampa mzee mmoja alishike. Mzee akatazama kitambo, akasema, "Hawa wana mikia mitatu." Kisha akaonyesha nyumba ndogo za mchanga, nyingi, zimeshikamana na jiwe kama mbegu.

Siku ya pili baraza likakaa tena. Tulikata kwa kalamu maneno tuliyoyaandika jana yake, nasi tuliona haya. Mzee wa kijiji cha chini akawaambia wanawake, "Mama zetu, tuwieni radhi." Mmoja wao akajibu kwamba radhi wamezipata, lakini sabuni nayo wataifulia mbali na maji, kwa kuwa wamejua sasa kwamba pale kivukoni kuna watu. Mwenye kiwanda alionywa mara mbili kabla ya kuliondoa lundo. Baada ya masika mawili mwalimu alituita kidimbwini, na chini ya jiwe la tatu alimpata mdudu mmoja wa mikia mitatu. Alikuwa mmoja tu, lakini harufu ilikuwa imekwisha.

SHERIA NA WAJIBU

Mito huweza kupona. Mto Thames wa London ulitajwa mwaka 1957 kuwa umekufa. Baada ya majitaka ya mji kusafishwa vizuri zaidi, samaki aina ya salmoni alionekana tena mwaka 1974. Kupona huko kuligharimu fedha nyingi na miaka mingi. Kijito cha mlimani hupona upesi zaidi, maadamu juu yake pamebaki mahali pazima ambapo wadudu huweza kuteremka au kuruka kuja kukaa upya. Kwa hiyo kuzilinda chemchemi ni kuilinda mbegu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yataka kila atiririshaye majitaka mtoni awe na kibali. Kwa mito ya upande wetu, penye mashaka habari zipelekwe kwa afisa mtendaji wa kijiji, kwa Bwana Afya, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa. Atakayekwenda na daftari lenye tarehe, mahali, na hesabu ya wadudu wa juu na wa chini atasikilizwa kuliko yule aendaye na hasira peke yake.

Nasi wenyewe tuanze nyumbani. Bomba la dawa lioshwe shambani, na maji yake yamwagwe katika shamba lile lile. Choo kichimbwe mbali na maji. Unga wa mbao na samadi visilundikwe ukingoni. Utupa usiingie mtoni. Ukingo uachiwe majani na miti yake ya asili. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nao wakazi hawa ni wadogo kuliko mwiba.

MASWALI KWA SHULE

1. Kwa nini mkazi wa majini hukosa pumzi upesi kuliko mkazi wa nchi kavu?
2. Taja njia nne ambazo taka hudhuru wadudu wa mtoni, na mfano mmoja wa kila njia katika kijiji chenu.
3. Maji yananuka mahali fulani. Kwa nini si haki kumshitaki aliye karibu kabla ya kupindua mawe ya juu?
4. Kwa nini kiasi kile kile cha majitaka hudhuru zaidi wakati wa kiangazi?
5. Nendeni pamoja na mwalimu kwenye kijito chenu, juu na chini ya kivuko. Andikeni aina mlizoziona, mlitunze daftari hilo shuleni, na mwakani mwezi huu huu mwende tena.